Kavite ya Beni na Jina la Kakule

Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka, mwaka jana, tulimzika Kakule huko Mbau, nyuma ya nyumba yake, pale mikakao inapoanzia. Alikuwa fundi mwenzangu kwa miaka mingi. Siku ile nilimpoteza yeye, na nilipoteza pia nafasi ya kumwambia neno ambalo nilipaswa kumwambia akiwa hai. Neno lenyewe nitalisema humu, lakini si sasa hivi. Msipoielewa kwanza kazi yetu, hamtalielewa.

Mwalimu wenu wa elektroniki ndiye aliyenituma. Alikuja nyumbani akasema, "Muzee, andikia batoto namna mulikuwa natumika zamani." Nilimshuku. Nilidhani anataka maneno matamu ya kusoma siku ya kugawa diploma. Akaapa kwamba sivyo. Basi naandika. Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo mkikuta kosa lisahihisheni kimya kimya, msicheke mbele yangu.

Naitwa Kasereka. Nilikuwa mkuu wa mafundi katika redio ndogo ya ushirika wa wakulima wa kahawa hapa Butembo. Mtambo wa kwanza wa kurusha sauti ulikuwa juu ya kilima upande wa Vulamba. Wa pili ulikuwa Beni, nao ulipokea sauti yetu na kuisukuma mbele hadi Mbau na Eringeti. Kakule alikaa Beni kuutunza ule wa pili. Mimi nilikaa Butembo, na nilikuwa chef wake, yaani mkubwa wake wa kazi.

Ninyi mmezoea mitambo ya siku hizi, myembamba kama redio ya gari. Ya kwetu ilikuwa mirefu kuliko kabati la nguo. Ndani yake kulikuwa na taa kubwa ya kauri na chuma. Kazi yake haikuwa kuangaza bali kukuza nguvu ya redio. Taa hiyo ilikaa ndani ya chombo cha shaba, mviringo kama ndoo, kilichopakwa fedha kwa ndani. Jina lake ni kavite. Sisi tuliita sufuria.

Puliza mdomoni mwa chupa tupu. Inalia, na inalia kwa sauti yake moja tu. Kavite ndivyo ilivyo: wimbi linakwenda, linagonga ukuta, linarudi, na kama ukubwa wa chombo ni sawa, kila linaporudi linakuta lenzake na kulisukuma. Ukuta ukiwa safi, nguvu inatoka kwenda antena. Ukiwa mchafu, nguvu inageuka joto na inabaki pale pale ikipika taa yako. Na umeme wa namna hii hauzami ndani ya chuma. Unatembea juu ya ngozi yake tu, unene mdogo kuliko karatasi ya sigara. Ndiyo sababu fedha kidogo inatosha. Uchafu kidogo nao unatosha.

Aliyetufundisha mimi na Kakule ni marehemu Mzee Mbusa. Alikuwa mtu wa kushuku kila kitu. Kabla ya kumruhusu mtu kufungua sufuria, alimshika mikono na kuinusa.

"Ulikula nini?"

"Sombe, Mzee."

"Na nini tena?"

"Na samaki kidogo."

"Basi leo utashika tochi."

Siku moja nilimdanganya. Nilikuwa nimekula karanga za kukaanga, nikajipangusa kwenye suruali, nikamwambia sikula kitu. Nikaingiza mkono, nikakaza skurubu moja, nikatoa. Baada ya mwezi akatuita wote wawili. Ndani ya kavite, juu ya fedha, palikuwa na alama nyeusi ya dole gumba, kila mstari unaonekana, kama kwenye kadi ya uchaguzi.

"Hii njo kitambulisho ya nani?"

Akatutaka tuweke madole yetu pembeni, mmoja mmoja. Kakule alicheka hadi akaketi chini. Mzee Mbusa hakucheka. Alisema, "Kasereka, mutu anaweza kukana. Fedha haina bongo." Kwetu bongo ni uongo, na njo ni ndiyo, nadhani mnajua.

Alitufundisha kutoamini swichi. "Swichi ni kama mukwe," alisema. "Mbele yako anainamisha kichwa. Ukigeuka, hapana jua anafanya nini." Kwa hiyo ukizima umeme, usiamini kwamba umezimika. Chukua fimbo ya ardhi, ile yenye ndoano ya shaba na waya mnene uliofungwa kwenye chuma cha ardhini, ugusishe mahali pote penye umeme mkubwa, mara mbili. Mkono wa pili uwe mfukoni. Mimi nimeona mtu aliyegusisha mara moja. Mkono wake ulipona, ila mpaka leo hashiki kikombe kilichojaa.

Alitufundisha pia kushuku duka. Kavite huoshwa kwa maji yasiyo na kitu ndani yake, na mahali pa kuyapata ni kwa wauza betri za gari. Lakini wao huita "maji ya batri" vitu viwili: maji safi ya kuongeza, na asidi ya kujazia betri mpya. Chupa ni zile zile. Mimi nilinunua bila kuuliza, nikalowanisha kitambaa, nikapangusa. Kitambaa kilianza kuota matundu mkononi mwangu, na ile fedha ikawa kama ngozi ya chura. Tangu hapo nilitega mvua. Unaacha inyeshe kwanza, ioshe hewa, kisha unatandaza plastiki mpya na kukinga. Unayachemsha, unakinga mvuke. Ni kazi ya siku nzima kwa lita mbili, lakini unajua umeweka nini.

Na kamwe usisugue kwa sufu ya chuma. Inang'arisha kweli, lakini inaacha nywele ndogo za chuma usizoziona. Ukiwasha umeme, kila unywele unasimama na kutoa cheche.

Mwaka ambao familia za Eringeti zilianza kuwakimbia waasi na kuingia Beni kwa wingi, ushirika ulituomba tuongeze nguvu ya mtambo wa Beni, maana huko mbele sauti ilifika imechoka. Pesa ya taa mpya haikuwepo. Kakule akasema, "Chef, taa iko bado nzuri. Ngozi ya sufuria njo imezeeka." Alikuwa sahihi. Fedha ilikuwa imebambuka kama rangi ya ukuta wa jikoni.

Tuliibeba kavite hadi Butembo kwa fundi mmoja wa pete. Alipaka shanga na mikufu kwa fedha, hajawahi kupaka kitu kikubwa kama ndoo. Ilibidi tumtengenezee beseni. Tulisugua shaba kwa unga wa chaki na kitambaa cha pamba, kuelekea upande mmoja tu, siku nne. Kakule alifunga kitambaa puani asipumulie ndani. Mara ya kwanza fedha ilitoka na vipele. Tukaivua yote, tukaanza tena. Mara ya pili ilitoka laini, na ukichungulia ndani unaona uso wako umevutwa mrefu kama wa mbuzi.

Tulipoiwasha Beni, joto la taa lilishuka na nguvu kwenye antena ikapanda. Jioni ile mama mmoja alipiga simu kutoka Eringeti akipiga kelele: "Leo munasikilika sawa vile muko ndani ya nyumba!" Kakule aliniomba nimwambie mama yule arudie. Akarudia. Nadhani ndiyo siku niliyomwona na furaha kubwa kuliko zote.

Haikupita mwezi, mtambo ukaanza kujizima. Ulijizima jioni, ukibahatika uliwaka tena baada ya saa moja. Kakule alinipigia. Nilipanda gari asubuhi, nikafika Beni saa sita mchana, nikafungua, nikapima. Kila kitu kizima. Saa nane nikaanza kurudi, kwa sababu siku zile, na bado siku hizi, mtu mwenye akili haachi giza limkute barabarani. Aliita tena. Nilikwenda tena, nikafika saa sita, nikapima, kizima. Mara nne.

"Kakule, unaniita bure."

"Chef, inakufaka tu wakati wa baridi, mvua ikitoka kunyesha. Lala hapa siku moja. Moja tu. Utaona."

"Nilale kwa nani?"

"Kwangu. Bibi yangu Masika atakupikia."

Sikulala. Nitawaambia kwa nini, maana nimeahidi kusema kweli: nilikuwa nimeanza kumshuku. Wakati ule kila mtu alimshuku kila mtu kuwa wa waasi. Mtu akinunua simu mpya, watu waliuliza nani amempa. Akichelewa kurudi shambani, waliuliza alikuwa na nani. Kakule alikuwa na shamba Mbau, na alipita barabara ile wakati wengine wanaogopa. Aliongea kwa simu nje ya nyumba, si ndani. Mimi niliviona vitu hivyo na kuviweka moyoni kama mtu anayekusanya kuni.

Kisha ikaja jioni ya tangazo. Wakubwa wanaolinda barabara walituletea neno: kesho asubuhi gari lolote lisivuke Mbau kwenda Eringeti, njia si salama. Tulilisoma saa kumi na mbili na nusu jioni. Butembo walisikia. Kule mbele hawakusikia, mtambo wa Beni ulikuwa kimya. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Asubuhi lori la mama wa soko likaondoka. Waasi walilisimamisha porini, wakalichoma. Wale mama walirudi kwa miguu kupitia mashamba ya kakao, bila viatu, na dereva hakurudi.

Kamati ya ushirika ilituita Butembo. Mwenyekiti aliweka mikono yake miwili mezani. Kakule alikaa karibu na mlango, kofia magotini.

"Chef Kasereka," mwenyekiti akasema, "wewe njo technicien mukubwa. Tuambie tu kitu moja. Ni mashine, ao ni mutu?"

"Mashine ni nzima," nikajibu. "Nimeipima mara nne."

"Donc ni mutu."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Wenye ufunguo wa chumba cha Beni tulikuwa wawili, na mimi jioni ile nilikuwa Butembo.

"Chef," Kakule aliita kutoka mlangoni, "sema basi vile minakuambiaka juu ya baridi."

Nikasema, "Baridi haizimi mtambo." Maneno matatu. Mimi niliyefundishwa na Mzee Mbusa kutoamini hata swichi, niliamini kipimo changu cha saa sita mchana.

Walimwondoa siku ile ile. Wiki iliyofuata wanajeshi walimchukua, wakamweka siku tatu wakimuuliza kwa Lingala swali moja tu: "Yo nde okangaki radio?" Wewe ndiye uliyefunga redio? Walimwachia kwa sababu hawakupata kitu. Lakini kwetu mtu akiachiwa, watu huuliza nani amelipa. Alihamia Mbau moja kwa moja na mkewe Masika na watoto, akalima kakao. Niliambiwa kwamba akifika kwenye duka la chumvi na sabuni, mazungumzo yalikufa. Watoto wake waliitwa batoto ya mufunga-redio.

Baada ya miezi michache wafadhili walileta mtambo mpya Beni, mdogo, usio na taa wala sufuria. Haukujizima hata siku moja. Watu wakasema: mmeona? Kakule ameondoka, redio imepona. Na mimi nilisema hivyo hivyo, nyumbani kwangu, mezani. Kavite ya zamani waliniletea kama kumbukumbu. Niliifunga kwa gunia nikaiweka ghalani, na miaka miwili baadaye nikastaafu.

Sasa nawaleta kwa Kavira. Ni binti wa mdogo wangu, kwa hiyo ni binti yangu. Alisoma hapa Butembo, akaenda Ulaya, na leo anafanya kazi kwenye maabara yenye mashine ya kukimbizia chembe, vile vipande vidogo vilivyo ndani ya kila kitu. Noeli ya mwaka juzi alikuja kutusalimia. Nilimuuliza anafanya nini hasa, nikitarajia nisielewe. Akasema, "Papa mukubwa, nafanya kazi yako. Naosha makavite."

Nilimshuku, nikadhani ananifurahisha mzee. Akanionyesha picha kwenye simu. Zilikuwa kavite kweli, zimeungana kama vibuyu vilivyofungwa kamba moja, hazina taa ndani. Chembe zinapita katikati, na kila kibuyu kinazisukuma ziende mbio zaidi. Hazikupakwa fedha. Ni za niobi, chuma kinachopatikana katika mawe meusi, ndugu wa koltani inayochimbwa huku kwetu.

"Mawe yetu?"

"Ya niobi yetu yanatoka mbali, lakini ni ukoo moja."

Alinieleza kwamba wanaipoza kavite kwa heliamu, gesi iliyogeuzwa kuwa maji kwa ubaridi usio na mfano, mpaka chuma kinaacha karibu kabisa kuzuia umeme. Wimbi likiingia linazunguka na kuzunguka bila kuchoka. Sisi tulipigania joto la taa lishuke kidogo. Wao wanapigania kitu ambacho hata kidole hakiwezi kuhisi, kwa sababu joto dogo tu mahali pamoja, pana kama kichwa cha sindano, linatosha kuiamsha kavite nzima kutoka kwenye usingizi ule wa baridi. Kwa hiyo wanaila ngozi yake kwa asidi, wanaichoma kwenye tanuri lisilo na hewa, wanaiosha kwa maji ya shinikizo yaliyo safi kuliko mvuke wangu. Wanavaa nguo nyeupe hadi nyusi. Poda ya uso ni marufuku.

"Wananusa mikono?" niliuliza.

"Hapana, Papa mukubwa," alicheka. "Lakini wangependa."

Kitu kimoja kilinisumbua. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi waliamini kavite bora ni ile isiyo na kitu chochote kigeni. Halafu wakaja kuona kwamba naitrojeni kidogo, ikiingizwa kwenye ngozi ya niobi ndani ya tanuri, inaifanya kavite iwe bora zaidi, haipotezi nguvu kama zamani. Mimi niliyeishi kwa kushuku kila kigeni, sikulala vizuri siku ile.

Nikamuuliza: kavite ikigoma, mnamtafuta nani? Akanitazama kama hakuelewa. "Hatuulizake nani. Tunauliza wapi." Wanaizungushia vipima-joto pande zote, wanaiwasha, wanaangalia ni kipima kipi kinachopanda. Wakijua mahali, wanaingiza kamera ndogo na kutazama pale tu. Karibu kila mara wanakuta alama: mkwaruzo, vumbi, tone lililokauka.

Nikaenda ghalani, nikaifungua sufuria ya Beni.

Aliichungulia kwa tochi ya simu muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeichungulia mara nyingi, lakini niliangalia kama inang'aa. Yeye aliangalia pete ya kauri iliyoshika taa, chini, mahali pasipong'aa.

"Papa mukubwa, nani alirusha maji humu?"

"Hakuna."

"Kuna. Angalia. Haya ni matone."

Yalikuwepo. Madoa ya mviringo, meupe katikati na kijani pembeni pale yalipogusa fedha, yamepangwa kwa mstari uliopinda, kama maji yaliyorushwa kwa mkono mmoja. Kwenye kauri, kutoka tone hadi tone, palikuwa na mstari mwembamba mweusi uliochanua kama mzizi. Hapo ndipo umeme ulipokuwa ukipita na kuuzima mtambo. Nilikwangua doa moja kwa ukucha, nikalamba.

"Papa mukubwa! Hivi habafanyake!" Kavira alipiga kelele.

Ilikuwa chumvi.

Tulifanya kama wanavyofanya kwao, kwa vifaa vyangu. Saa sita mchana, kavite ikiwa juani, tulipima ile kauri kwa mita yangu ya zamani ya kupimia kama umeme unavuja. Sindano haikusogea. Tuliiacha nje mpaka ukungu wa asubuhi. Kauri yote ilikuwa kavu isipokuwa yale madoa: yalikuwa yamelowa, yanametameta, maana chumvi inavuta maji kutoka hewani. Tukapima. Sindano ikalala chini kabisa: umeme ulikuwa unavuja. Kavira hakujua habari za Kakule. Mimi nilikaa juu ya gunia.

Nani alirusha maji, nilikumbuka kabla sindano haijatulia. Tulipomaliza kuipaka fedha na kuirudisha Beni, tulitaka mtambo ubarikiwe, kama sisi Wakatoliki tunavyobariki nyumba, pikipiki na mbegu. Padri aliyekuja alikuwa mzee sana, wa desturi ya kale, wale wanaotia chumvi katika maji ya baraka. Yeye alisimama mbele ya kabati lililofungwa, akanyunyiza mlango, akataka kwenda. Ni mimi niliyesema, "Padri, kazi yote iko ndani." Ni mimi niliyefungua mlango wa kabati, na ni mimi niliyefunua sufuria. Kakule alikuwa Mprotestanti. Alinishika kiko cha mkono.

"Chef, maji?"

"Wewe wa Protestanti," nikamwambia, mbele ya watu wote, "unaogopa maji ya baraka?"

Watu walicheka. Kakule akarudi nyuma. Padri akafanya nilichomwomba, nami nikafunga kifuniko bila kupangusa, kwa sababu niliona si adabu kupangusa baraka.

Msiichukue habari hii kuwa ya padri. Yeye angenyunyiza mlango akaenda zake.

Sasa sikilizeni sehemu mbaya zaidi. Toka Noeli ile hadi Pasaka nilikuwa na siku za kutosha. Nilikuwa na namba yake ya simu. Nilijiambia barabara haijatulia. Nilijiambia neno kama hilo halisemwi kwa simu. Mara moja nilimpigia kweli.

"Chef! Uko muzima?"

"Niko. Kakao inaendelea namna gani?"

"Inazaa. Bei njo haiko mbaya. Mais mwili, Chef, figo iko nanisumbua."

"Pole."

Nilisikia kuku upande wake.

"Chef, uko na neno?"

"Hapana. Nilikuwa nakusalimia tu."

"Basi asante. Salimia ba mama."

Alikufa hospitalini wiki ya Pasaka. Nilikwenda kuzika. Nilishika koleo, nikatupa udongo, nikanyamaza. Watu wa Mbau waliokuja walikuwa wachache kuliko wanaostahili kumzika mtu wa umri wake, na nilijua ni kwa nini.

Walipotoa matanga nilikwenda tena. Nilichukua kavite ndani ya gunia, nikaiweka magotini njiani kote. Askari wa kizuizi aliniuliza ni nini, nikasema sufuria, akacheka akaniacha. Kwa Kakule walitandika maturubai chini ya kivuli cha mikakao. Wanaume walikaa mbele kwenye mabenchi, wamama wa kijiji nyuma, kwenye mikeka. Chakula kilipoisha, kaka yake mkubwa alisimama na kuuliza, kama desturi, kama kuna mwenye neno juu ya marehemu kabla familia haijafunga.

Nikasimama. Nilisema mimi ni Kasereka, nilikuwa chef wake. Nilitoa sufuria kwenye gunia. Nilisema redio ya Beni haikufungwa na mtu. Ilizimwa na maji ya chumvi niliyoyaingiza mwenyewe, nikimcheka Kakule aliponizuia. Nilisema kwamba aliniambia sababu ni baridi, nami nikakataa kulala Beni hata siku moja kuthibitisha, na kwamba mbele ya kamati nilisema mashine ni nzima, na haikuwa nzima. Nilisema kwamba nilijua tangu Noeli, na yeye alikuwa hai bado.

Mzee mmoja kwenye benchi alitema mate pembeni. Kijana wa kwanza wa Kakule alikuja, akachungulia ndani ya sufuria, nikamwonyesha matone. Akaangalia, akarudi mahali pake.

Nilidhani nimemaliza, nikaanza kukaa. Masika alikuwa ameketi karibu na mlango wa nyumba na kitambaa cheupe kichwani. Hakuinua sauti.

"Papa Kasereka, usikae. Umesema mu Kiswahili na ma technique. Bale ba mama ba nyuma njo balikatalia batoto yangu chumvi mu duka. Habakusikia kitu. Sema tena, mu Kinande."

Nikavua kofia, nikageukia mikeka ya nyuma, nikaanza upya kwa Kinande, lugha yetu, kuanzia pale nilipofungua mlango wa kabati.